Mdhamini wa Watu Wasio na Mtu

Kabla ya kuweka sahihi kwenye hati ya dhamana, alimwuliza mshtakiwa swali moja tu: "Ukikimbia, utakimbilia wapi?"

Wengi walishtuka. Mtu ameshushwa kwenye karandinga asubuhi hiyo, amefungwa pingu na mwenzake, hajaoga siku nne, halafu mzee asiyemjua, mwenye koti la kijivu na kofia mkononi, anamwuliza habari za kukimbia. Waliojiona wajanja walijibu upesi, "Mimi siwezi kukimbia, mzee, nakuapia." Hao hakuwadhamini. Alivaa kofia yake akarudi kukaa kwenye benchi la barazani. Lakini aliyenyamaza kidogo, akafikiri, kisha akasema, "Labda nitakwenda kwa mama mkwe, Same," huyo alimtazama kwa upole, akanigeukia mimi na kusema, "Karani, lete karatasi."

Mimi ndiye niliyekuwa karani. Nilifanya kazi masijala, katika mahakama moja pale Moshi mjini, kwa zaidi ya miaka ishirini, tangu nikiwa msichana ninayeshuka kutoka Machame kila Jumatatu na mkungu wa ndizi wa kula wiki nzima. Mahakimu walikuja na kuhamishwa. Taipureta yangu ilizeeka ikapelekwa stoo. Yeye alikuwa pale benchini siku zote za kazi isipokuwa siku anazopeleka ng'ombe kuogeshwa. Jina lake lilikuwa ndani ya mafaili mengi kuliko jina la wakili yeyote wa mji ule, lakini sikumsikia mtu akilitumia. Askari, mahakimu, wauza chai, wote walimwita Mdhamini. Nami nitamwita hivyo hivyo.

Kwa asiyejua kazi hiyo, mdhamini ni mtu anayeiahidi mahakama kwamba mshtakiwa akiachiwa akalale kwake, atarudi kila siku kesi inapotajwa. Asiporudi, mdhamini amtafute amlete. Akishindwa kumleta, yeye ndiye anayelipa, na asipokuwa na cha kulipa anaingia ndani yeye. Ndiyo maana watu huwadhamini ndugu zao, na hata ndugu huwadhamini kwa kusukumwa. Mdhamini aliwadhamini watu ambao hawakuwa na mtu mjini. Wasichana wa kazi kutoka Singida, wachoma matofali, wapagazi wa mlimani, vijana waliokamatwa na mabegi ya sabuni na vitenge siku zile ambapo kuuza sabuni lilikuwa kosa, na baadaye, biashara ilipofunguliwa na kila mtu akawa anauza kitu, vijana waliokamatwa wakigombania mahali pa kutandika mitumba.

Dhamana yake ilikuwa kihamba chake cha Kibosho: migomba, kahawa, nyumba ya bati na zizi. Barua ya mtendaji wa kijiji iliyoeleza mali hiyo aliitunza ndani ya mfuko wa plastiki uliokuwa wa sukari, na kila ilipochakaa kwenye mikunjo alikwenda kuandikiwa nyingine. Alitia sahihi kwa kukandamiza kalamu mno. Karatasi zangu za kaboni zilikuwa zimekwisha wino, nakala ya tatu ya hati nyingi ilitoka tupu, lakini sahihi yake ilionekana hadi chini kabisa, imechimba. Nilimpenda kwanza kwa sababu hiyo. Alinipunguzia kazi.

"Shikamoo, Mdhamini."

"Marahaba, Mmachame. Umeshakunywa chai au umekuja kutukasirikia?"

Ndivyo tulivyoanza asubuhi. Alipenda kunitania kwamba sisi watu wa Machame tunazaliwa tukijua hesabu. Mimi nilimwambia kwamba wao wa Kibosho wanalala kanisani, na hakukataa. Mke wake mwenyewe aliniambia kwamba Mdhamini alisinzia misa zote isipokuwa ya Ijumaa Kuu, kwa sababu siku hiyo husomwa kesi ya Yesu.

Mtu asimchukulie kama malaika. Kule nyumbani alikuwa mgomvi. Mfongo, ule mfereji wa maji ya mlimani, ulipita kwanza kwa mdogo wake ndipo ufike kwake, na kwa miaka miwili ndugu hao hawakusalimiana kwa sababu ya zamu ya maji ya Alhamisi. Mtu huyo huyo aliyeweza kukaa siku nzima akimsikiliza mwizi wa kuku hakuweza kumsikiliza mdogo wake kwa dakika moja. Alikuwa pia mwongo kwa mambo madogo. Alimwambia mke wake amekula mjini, kumbe amempa mahabusu chakula chake, halafu ananijia masijala na kuuliza kama sina kiazi. Na ukimwuliza alianzaje kazi hii, alikupa hadithi tofauti kila mara. Ile niliyoisikia mara nyingi kuliko nyingine ni kwamba aliwahi kukamatwa yeye mwenyewe na katoni mbili za sabuni, akakaa mahabusu wiki mbili, ndugu zake wote wakaogopa kuonekana mahakamani, na aliyekuja kumtoa alikuwa mama mmoja muuza maharage sokoni ambaye walijuana kwa kusalimiana tu. "Sikuwahi kumlipa," alisema. "Alikufa kabla sijajua hata ametokea wapi."

Walikimbia wachache kuliko watu walivyodhani. Na waliokimbia, wengi walikwenda kule kule walikomwambia watakwenda. Hilo halikumshangaza yeye, lilinishangaza mimi. Aliniambia kwamba mtu anayekimbia hana muda wa kubuni. Anakwenda mahali alipowahi kulala vizuri.

Yule wa kwa mama mkwe, Same, alikuwa muuza mitumba. Kesi yake ilitajwa, hakuonekana, hakimu akampa Mdhamini siku kumi na nne. Siku ya tatu Mdhamini alipanda basi, akauliza nyumba kwa nyumba, akamkuta jamaa amekaa kwenye kigoda anapukuchua maharage na wakwe zake. Hakupaza sauti. Hakwenda na askari, hakuwahi kwenda na askari. Alisalimia, akapewa kigoda, akaanza kupukuchua naye. Waliongea habari za mvua hadi chakula kikaletwa. Walipomaliza kula, Mdhamini akasema, "Mimi nimekuja."

"Nimekuona, mzee."

"Nguo zako zimekauka?"

"Bado kidogo."

"Zikauke kwanza. Tutaondoka na basi la kesho."

Wakaja na basi la kesho, na mama mkwe akawa amewafungashia maharage wote wawili. Jamaa alipigwa faini akaachiwa. Kwa miaka mingi baadaye, kila Krismasi, alimletea Mdhamini shati.

Lakini si kila safari iliishia hivyo. Kulikuwa na mpagazi mmoja wa Marangu, kijana mrefu mwenye aibu, aliyeshtakiwa kwa kuiba kamera ya mgeni aliyempandisha mlimani. Alipoulizwa swali, alijibu kwamba atazunguka mlima kwa upande wa Rongai avuke hadi Loitokitok, ana rafiki kule. Mara ya tatu kesi ilipotajwa, hakuja. Mdhamini akazunguka mlima kwa njia hiyo hiyo, akavuka, akamkuta shambani akichimba viazi. Alikaa naye siku mbili akimsaidia kujaza magunia.

Yaliyosemwa kule niliambiwa na Mdhamini mwenyewe. Siku ya pili kijana alimwambia, "Mzee, mimi ile kamera sikuichukua."

"Najua."

"Sasa mbona unanirudisha?"

"Kwa sababu ukibaki huku, utakuwa uliichukua."

Kijana akafikiri, akafunga mzigo wake, wakarudi pamoja kwa miguu hadi mpakani. Mwendesha mashtaka alisimama akasema kwamba asiye na kosa hakimbii, na hakimu akakubaliana naye. Miaka miwili. Nilikuwa pale nikiandika. Mdhamini aliisikiliza hukumu kwa kusimama ingawa hakuna aliyemtaka asimame, na kijana alipopitishwa kwenda kwenye karandinga alimgusa Mdhamini begani, kama yeye ndiye anayempa pole.

Wiki iliyofuata Mdhamini alikata jani la isale, ule mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, akalipeleka Marangu kwa mama wa yule kijana. Kwetu mlimani anayeletewa isale hana ruhusa ya kukataa msamaha, hata kama ameuawa mtu. Yule mama alilipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Kisha akasema, "Nimepokea kwa sababu nimekatazwa kukataa. Sasa ondoka kwangu."

Aliniambia jambo hilo akiwa amesimama dirishani pa masijala, anatazama nje. "Ni haki yake," alisema. Kila mwezi kwa miaka miwili alikwenda gerezani na sabuni na sukari kwa ajili ya yule kijana. Hakukosa mwezi hata mmoja.

Ndipo nyakati zikabadilika. Bei ya kahawa ilianguka, watu wakaanza kung'oa mibuni na kupanda nyanya, na vijana waliokosa kazi waligundua kwamba hata udhamini unaweza kuuzwa. Walikuja barazani asubuhi na barua za watendaji wasiokuwepo, zenye mihuri ya kuchonga kwenye kandambili. Walidhamini mtu, wakapokea chao, na mshtakiwa akitoroka, wanatoroka naye. Hakimu mpya aliyeletwa wakati huo aliona uozo wote ule, na Mdhamini akawekwa humo humo. Siku moja, mbele ya watu, alimwambia, "Wewe mzee, kila faili ninalofungua nakukuta wewe. Hii kwako ni biashara." Mdhamini alisimama amekamata kofia kwa mikono miwili. Na mimi niliyejua ukweli, niliyekuwa hatua tano kutoka kwa hakimu, niliendelea kupanga karatasi.

Nataja siku ile kwa sababu haikupita hata miezi miwili, mwanawe akakamatwa.

Mdhamini alikuwa na watoto watano, wanne mabinti walioolewa, na huyu wa mwisho. Kwa desturi yetu kihamba cha baba hubaki kwa mtoto wa kiume wa mwisho, kwa hiyo ardhi ile ile ambayo Mdhamini aliiweka mbele ya mahakama kwa ajili ya wageni, ilikuwa ya huyu kijana. Magunia ya kahawa yalipotea kwenye ghala la kijiji, na yeye, aliyekuwa mlinzi wa zamu, akashtakiwa pamoja na mwenzake. Hakimu alisema dhamana iko wazi: mdhamini mmoja mwenye mali isiyohamishika. Wote tuliokuwa mle ndani tulimgeukia Mdhamini. Hata askari alishaanza kutafuta ufunguo wa pingu.

Mdhamini aliinuka, akamwendea mwanawe kizimbani, akamwuliza kwa sauti ile ile aliyowauliza wengine wote, "Ukikimbia, utakimbilia wapi?"

Kijana alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyeamini anachokisikia. "Baba, mimi siwezi kukimbia."

Mdhamini akavaa kofia yake akarudi kukaa.

Nilidhani ni mzaha. Hakimu naye alisubiri. Kisha akaandika kwamba mshtakiwa ameshindwa kutimiza masharti, na wakampeleka.

Jamaa zake wengine walikuwa na mashamba, na mjomba wa yule kijana alikuwa na nyumba Majengo. Hakuna aliyejitokeza. Walisema kama baba yake, anayewadhamini hadi watu asiowajua makabila, amemkataa mwanawe, basi kuna kitu anakijua. Kukataa kwake kulifunga milango yote kwa wakati mmoja. Sidhani kama alilitegemea hilo.

Mke wake alishuka kuja kwangu. Alikuwa mwanamke mfupi, wa maneno machache, amevaa kitenge cha kwenda kanisani. Alisimama mbele ya meza yangu akasema, "Binti, niandike mimi."

"Mama una mali iliyoandikwa jina lako?"

"Nina ng'ombe. Nina mikono. Miaka yote hiyo, migomba nimepalilia mimi."

"Haiwezekani, mama," nilimwambia, na ninakumbuka kwamba sikuinua macho kutoka kwenye taipureta, kwa sababu nilikuwa na orodha ya kesi za kesho yake na hakimu alikuwa anaingoja. Aliendelea kusimama pale. Kisha akasema, si kwangu hasa, "Kihamba chenyewe ni cha yule mtoto. Amekidhaminia watu wa nchi nzima, mwenye nacho amemnyima." Akaondoka. Ningeweza kumtafuta yule mjomba wa Majengo. Ningeweza kumwambia aombe masharti yalegezwe, jambo ambalo nilijua linawezekana na yeye hakulijua. Sikufanya.

Kijana alikaa mahabusu miezi saba. Kesi ilitajwa na kuahirishwa, ikatajwa na kuahirishwa. Kila mara aliletwa amekonda zaidi, akikohoa, na kila mara baba yake alikuwa benchini. Hawakutazamana. Mashahidi hawakuja hata siku moja. Mwishowe hakimu alichoka, akalifuta shauri, akamwachia.

Siku hiyo Mdhamini alikuja na shati jipya la bluu, limekunjwa vizuri ndani ya gazeti. Alisimama chini ya ngazi. Mwanawe alitoka akiwa na nguo zile zile alizokamatwa nazo, akashuka ngazi, akampita baba yake kama mtu anavyopita nguzo ya umeme, akaelekea barabarani. Mdhamini alibaki amelishika lile shati mpaka nikaenda nikamwambia jua ni kali, akae.

Kijana hakurudi nyumbani, si siku ile wala mwaka ule. Watu walisema yuko Mererani, wengine wakasema amevuka kwenda Kenya. Mama yake alifariki miaka miwili baadaye. Tangazo la msiba lilisomwa redioni, jina la mtoto wa mwisho likatajwa akiombwa popote alipo aje. Tulizika bila yeye.

Niliwahi kumwambia Mdhamini, "Wewe umewapata watu Loitokitok, umewapata Same. Huyu umeshindwa nini?"

Alinijibu kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Wale walitoroka. Huyu hakutoroka, ameondoka. Aliyeondoka unamfuata kwa hati gani?"

Aliendelea kudhamini watu. Wengi hawakumwelewa, na wapo waliomchukia kwa hilo. Mimi sikumchukia, lakini nilianza kuona jinsi anavyolifanya. Alikuwa hasubiri tena majibu ya swali lake. Aliuliza, na mshtakiwa akisema lolote, hata "siwezi kukimbia", aliniambia nilete karatasi. Watatu walitoroka mwaka mmoja. Wawili aliwapata. Wa tatu hakumpata, na ng'ombe wawili wa marehemu mke wake wakauzwa.

Halafu mahakama ikaanza kutaka picha, vitambulisho na barua za aina mpya, na pale dirishani akawekwa karani mwingine, kijana aliyesoma kompyuta. Alimwambia Mdhamini barua yake haifai. Mdhamini aliikunja akairudisha kwenye mfuko wa plastiki, na sikumwona tena mjini.

Jumapili moja baada ya ibada nilipanda Kibosho. Binti yake mkubwa alikuwa amerudi kumtunza. Nilimkuta amekaa ukumbini, miguu imevimba, koti la kijivu limemzidi mabega. Alifurahi kuniona. Tulizungumza juu ya mahakimu waliokufa na waliostaafu. Binti yake alipotoka kukamua, akaniambia bila kuulizwa:

"Yuko hapo chini tu. Chekereni."

Sikuelewa mara moja.

"Amekodi majaruba. Analima mpunga. Ana mke na watoto wawili. Miaka yote hii alikuwa hapo chini, Karani. Siku isiyo na mawingu ukisimama pale kwenye kona ya barabara unaiona mifereji yao."

"Ulimwona?"

"Nilikwenda. Mwaka juzi, kabla miguu haijaharibika. Nilisimama kwenye tuta la mfereji. Alikuwa anang'oa miche. Akainua kichwa akaniona, akasema, 'Shikamoo mzee. Unamtafuta nani?'" Akapangusa midomo. "Nikamwambia nimepotea njia. Akanielekeza barabara. Nikaifuata."

"Kwa nini hukusema wewe ni nani?"

"Kama hakunijua, ningesema nini? Na kama alinijua, alikuwa ameshanijibu."

Nilimwuliza jambo ambalo nilikuwa nalo kifuani miaka yote. Nilimwuliza kwa nini alimkataa. Nilitegemea aniambie habari za lile swali lake. Alitikisa kichwa.

"Niliogopa. Hakimu alishanisema mbele ya watu. Na kahawa ilikuwa ya majirani. Nikaona nikimtoa, watasema Mdhamini ameonyesha kazi yake yote ilikuwa ya nini. Nikamwuliza lile swali ili nipate pa kujificha. Yule mtoto aliniambia kweli, Karani. Hakuwa anakwenda popote. Alikuwa anataka kuja nyumbani."

Hakuniomba chochote. Nilikwenda Chekereni kwa hiari yangu, Jumamosi iliyofuata. Haikuwa vigumu kumpata. Nilimtambua kwa mbali kwa namna anavyosimama, uzito wote mguu mmoja, kama baba yake. Matope yalimfika magotini, na nywele za pembeni zilikuwa na mvi. Nilimwambia mimi ni yule karani.

"Nakukumbuka," alisema. "Ulikuwa unaandika."

Nikamweleza kwamba baba yake ni mgonjwa, na kwamba aliwahi kuja hapa. Alitazama maji yaliyokuwa yanaingia kwenye jaruba.

"Nilimjua," alisema. "Ningeachaje kumjua? Nilimwambia shikamoo mzee kwa sababu sikupata neno jingine. Nikasema moyoni, akilitaja jina langu tu, namkaribisha. Akasema amepotea njia." Alichota maji akanawa mikono, akainawa tena ingawa ilikuwa imeshatakata. "Hata mama alipofariki nilisikia. Nilipanda hadi ile njia panda ya kwetu. Nikasikia wanaimba, nikarudi."

"Njoo umwone."

"Nikimaliza kuvuna."

Sikumsukuma. Nilirudi mjini nikidhani ni jibu la kuniondoa. Lakini baada ya miezi miwili, asubuhi moja, nilimkuta amesimama nje ya geti la mahakama, ng'ambo ya barabara, amevaa suruali iliyopigwa pasi, ana mfuko wa mchele begani. Alikataa kuvuka kuingia uwanjani. Nikaomba ruhusa, tukapanda Kibosho pamoja.

Njiani aliuliza kama mjomba wa Majengo bado yuko. Aliuliza nani analima kihamba. Tulipofika alisimama kidogo penye migomba, akashika jani moja lililokauka akalitoa, kisha akaingia.

Binti mkubwa alikuwa anamlisha baba yake mtori kwa kijiko. Alipomwona mdogo wake alisimama, bakuli mkononi, machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Nilikuwa sijui, nilikuwa sijapanda tangu ile Jumapili, kwamba mzee alishaanza kuchanganya watu. Alikuwa anamwita binti yake kwa jina la marehemu mama yao.

"Shikamoo, baba," kijana alisema.

"Marahaba." Mdhamini alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni. "Umetoka wapi?"

"Chekereni."

"Mbali. Kesi yako inatajwa lini?"

Dada alifungua mdomo amsahihishe. Mdogo wake akamwashiria kwa mkono asiseme. Alivuta kigoda akakaa mbele ya baba yake, karibu, magoti yao yakigusana.

"Ilikwisha, mzee. Niliachiwa."

"Uliachiwa." Uso wa Mdhamini ulifunguka. "Afadhali. Ulikaa ndani siku nyingi?"

Mimi niliyeandika kila tarehe ya ile miezi saba nilitazama sakafu.

"Hapana, mzee. Nilitoka siku ile ile."

"Nani alikudhamini?"

"Wewe."

Mdhamini alimtazama kwa muda mrefu. Sijui aliona nini. Kisha aliitikia kwa kichwa mara mbili, taratibu, kama mtu aliyetafuta faili akalikuta mahali pake, akafungua mdomo akisubiri kijiko. Mwanawe akalichukua bakuli kutoka kwa dada yake, akaligusa kwa nje kwa kiganja.

"Huu umepoa, dada," alisema. "Tupashie moto."